Mtoto Wetu Hana Tabia Hizo

"Mtu akija kuuliza habari za mtoto wako huku anatabasamu," alisema Mjomba, "usimtazame meno. Mtazame mkoba."

Mkoba wenyewe ulikuwa mweusi, umefungwa zipu mpaka mwisho, na mwenye nao alikuwa ameupakata kama mtoto mchanga. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya kufunika na sauti ya chini. Alikuwa amekalia kiti cha wateja wanaosubiri sebuleni, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa hakina nywele juu yake. Mama alikuwa msusi. Siku hiyo alikuwa amemwacha mteja kichwa nusu, upande mmoja mistari imelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona kitu, akatoka mbio nyuma ya nyumba kumwita mdogo wake.

Huko nyuma, kwenye kibanda cha mabati, Mjomba alikuwa anachomelea geti la mtu. Alipomwona dada yake anapunga mkono katikati ya cheche, alizima mashine.

"Kuna mtu ametoka shule," Mama alisema. "Anauliza habari za mtoto."

"Mwalimu?"

"Si mwalimu. Anasema anafanya uchunguzi."

Mjomba akavua kinga ya uso taratibu. "Uchunguzi wa nini?"

"Wa tabia za wanafunzi."

Wakatazamana. Wiki iliyopita kengele ya umeme ya shule ililia yenyewe kabla ya saa ya mapumziko. Wanafunzi wote wakamwagika uwanjani, wadogo kwa wakubwa, na mwalimu mkuu akatoka ofisini na kikombe cha chai mkononi akidhani kuna moto. Tangu siku hiyo walimu walikuwa wanautafuta mkono uliofungua kile kisanduku cha kengele. Katika nyumba hii hakuna aliyeuliza mkono huo ulikuwa wa nani. Kuna maswali ambayo ukiyauliza inabidi uishi na jibu lake.

"Wewe usiseme kitu," Mjomba alimwambia dada yake. "Nitajibu mimi."

Alinawa mikono, akavaa shati, akaingia sebuleni kifua mbele. Tangu shemeji yake afariki, yeye ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba hiyo, na hakupenda mtu asahau. Mama akasimama kando yake, akijisogeza kidogo kidogo mpaka mgongo wake ukaziba rafu. Juu ya rafu kulikuwa na pasi iliyofunguliwa, skrubu zake zimepangwa kwenye kisahani kuanzia ndogo hadi kubwa.

"Nina maswali machache tu," alisema mgeni. "Mtoto wenu, huyu wa darasa la nne. Huuliza maswali mengi nyumbani?"

"Hapana," alisema Mjomba. "Ana adabu. Mkubwa akisema, yeye anasikiliza."

"Hubishana na wakubwa?"

"Abishane na nani? Nyumba hii?"

"Hupenda kufungua vitu aone ndani kuna nini? Saa, redio, kufuli?"

Yule mteja wa kichwa nusu akakohoa. Mama akajibana zaidi kwenye rafu.

"Mtoto huyo," Mjomba alisema, akilipima kila neno, "hajawahi kushika bisibisi. Ukimwonyesha atakuuliza... hatakuuliza. Atanyamaza tu."

"Na masomo? Huwa anasema darasani kunamchosha?"

"Analipenda darasa. Akilala anaota darasa."

Mteja akakohoa tena, safari hii kikohozi kikatoka na kicheko ndani yake. Na papo hapo sauti ya jirani muuza mkaa ikapasua dirisha.

"Kwanini! We Kwanini! Hebu shuka huko juu ya bati, utaniangukia!"

Mgeni akainua macho. "Nani huyo anaitwa Kwanini?"

"Kuku," alisema Mjomba.

"Kuku?"

"Wa jirani. Jirani yetu ni mtu wa ajabu ajabu."

Mgeni alirudisha kalamu kwenye mkoba na kufunga zipu. "Mmemlea vizuri," alisema. Hakulisema kama mtu anayesifu. Alilisema kama mtu aliyefuata harufu ya chakula mpaka mlangoni akakuta sufuria tupu.

Mjomba aliiona hali hiyo, na badala ya kumtuliza ikamthibitishia kila kitu. "Umemwona alivyonyong'onyea?" alimwambia dada yake, mgeni alipopotea kwenye kona. "Alikuja na kamba, anaondoka na kamba mkononi. Alitaka tumfunge mtoto wetu sisi wenyewe."

"Alikuwa mpole," Mama alisema, akirudi kwenye kichwa cha mteja.

"Dada. Polisi mkali anataka kukutisha. Polisi mpole anataka kukupeleka."

Kwanini alishuka kwenye bati, magoti yana vumbi. Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi wake, alilipata mtaani, na alilipata kwa haki. Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye tabia ya kumtazama mtu mdomoni anapoongea, kana kwamba maneno yanatoka na alama za vidole. Ndiye aliyemwambia mteja mmoja kwamba nywele alizonunua hazitatosha, wakati Mama bado yuko kisogoni, na kweli hazikutosha. Mteja yule hakurudi tena.

Mjomba akamkalisha juu ya kipande cha bomba ndani ya kibanda.

"Kesho au keshokutwa watakuita chumba cha peke yako. Watakuwekea vitu mezani. Watakuuliza. Wewe utasema sijui."

"Hata kama najua?"

"Hasa kama unajua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anayekuuliza kwa upole anataka kitu ambacho akikuuliza kwa ukali hatakipata. Na wakikubembeleza, basi ujue mtego ndio huo."

Mtoto akalifikiria. "Ni habari ya kengele?"

Mjomba alitazama pembeni.

"Unataka nikuambie, au hutaki?" mtoto aliuliza.

"Sitaki."

"Haya."

Aliitwa kesho yake. Jioni alirudi na kueleza, amesimama mlangoni na begi lake mgongoni, kama askari anayetoa ripoti. Alipelekwa maktaba. Yule mama wa mkoba alikuwa peke yake na meza. Kulikuwa na vipande vya mbao vya rangi, na picha zenye pengo.

"Akakunja karatasi mbele yangu, akaikata kona kwa mkasi. Akaniuliza nikiikunjua itakuwa na matundu wapi. Nikasema sijui."

"Vizuri," alisema Mjomba.

"Nilikuwa najua."

"Vizuri zaidi."

"Ilinikwama hapa, Mjomba." Akashika koo. "Kama mfupa wa samaki."

"Utashuka. Aliuliza nini kingine?"

"Jina langu. Nikasema sijui."

Mama, aliyekuwa anafagia nywele sakafuni, aliegemea ufagio akacheka mpaka machozi. "Hata jina?"

"Mjomba alisema nijibu hivyo kwa kila kitu. Hakusema isipokuwa jina."

Mjomba naye alicheka, akamnunulia soda. Usiku huo alikula kwa hamu, kama mtu aliyefungia mwizi nje.

Furaha hiyo ilidumu mpaka mwalimu wa darasa alipokuja kusukwa. Alikuwa msichana bado, mwepesi wa maneno, na alikaa chini ya mikono ya Mama akiwa na uso wa mtu aliyekuja kutoa pole.

"Mama Kwanini, sijui niseme nini," alisema. "Jina lake nililipeleka mimi. Nilijua atakuwa wa kwanza."

"Wa kwanza kwa nini?"

"Kwa darasa la ziada. Watoto wenye vipaji. Mchana wanapelekwa chuoni, wanafundishwa na watu wa chuoni, maabara, kompyuta, kila kitu, bila malipo, na wanafuatiliwa mpaka sekondari. Shule yetu imepata nafasi kwa mara ya kwanza." Akashusha sauti. "Lakini yule mama anasema mtoto hakujibu hata swali moja. Na majibu ya nyumbani ndiyo yaliyommaliza. Haulizi, habishi, hagusi kitu. Mwenyewe nilishangaa, nikamuuliza, una hakika ulikwenda nyumba ile?"

Mikono ya Mama ilikuwa imesimama katikati ya mstari. "Mbona hakutuambia amekuja kwa lipi?"

"Hawaruhusiwi. Wakisema, kila mzazi amezaa profesa. Kwa hiyo wanasema wanachunguza tabia."

"Na kengele?"

"Kengele gani? Aah, ile. Fundi alikuja jana. Ni panya, walitafuna waya."

Mjomba alikuwa mlangoni, ameshika birika. Aliliweka chini. Kwanini alikuwa kwenye mkeka anakunja karatasi, na hakuinua kichwa.

"Niliwaona," alisema. "Wawili. Wanaingia kwa tundu la juu. Ungeuliza ningekuambia."

Mama akamaliza kumsuka mwalimu, akamwuliza tu majina yanafungwa lini, akaambiwa kesho. Mwalimu alipoondoka, alimgeukia mdogo wake, na hakupandisha sauti.

"Umeuchomelea mlango vizuri sana, mdogo wangu. Ila mtoto yuko nje."

"Nilikuwa namlinda."

"Najua. Ndiyo maana nashindwa hata kukutukana."

Asubuhi walikwenda shuleni wote watatu. Mjomba alikuwa amejiandalia maneno njiani, maneno ya heshima, ya mtu anayerekebisha jambo dogo. Walipofika kwenye korido ya maktaba maneno yakamwishia. Korido ilijaa wazazi. Mteja wa kichwa nusu alikuwa amemaliziwa kichwa na, inaonekana, habari yote ya darasa la ziada na maswali ya mgeni, naye akaieneza.

"Wangu hashikiki," mama mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kwa fahari. "Amevunja televisheni."

"Televisheni tu? Wangu hata salamu hanipi. Ana akili nyingi mno."

"Wangu aliitwa na mwalimu mkuu kwa utukutu."

"Aliitwa lini? Si juzi ulisema ni mtoto wa kanisani?"

Kando ya dirisha baba mmoja alikuwa ameinama mbele ya mwanawe, anamwambia kwa sauti ya chini yenye jasho, "Bishana na mimi. Nimesema bishana."

"Ndiyo, baba," alisema mtoto.

Mama wa mkoba alipowaita ndani, uso wake ulikuwa umechoka kwa kusikiliza. Hakutabasamu tena. Aliwaonyesha viti, na Mjomba hakukaa.

"Nimekuja kusahihisha," alisema. "Yale niliyokujibu siku ile hayakuwa ya kweli."

"Yapi?"

"Yote. Mtoto anauliza mpaka kichwa kinauma. Anabishana na mimi, anabishana na mama yake, anabishana na muuza mkaa. Amefungua pasi, amefungua kufuli la kibanda changu. Kwenye bati alipanda kuangalia maji ya mvua yanapita wapi."

"Yule kuku," alisema mama wa mkoba.

"Ndiye."

Mama alitazama sakafu. Mwenye mkoba alivuta pumzi. "Baba, tangu asubuhi nimeambiwa habari za televisheni zilizovunjwa, nyingi kuliko televisheni zilizomo mjini humu. Wewe juzi uliniapia mtoto hajashika bisibisi. Leo ni fundi wa kufuli. Nikuamini wewe yupi, wa juzi au wa leo?"

Damu ikampanda Mjomba. Mtaa mzima ulijua kwamba geti likipinda yeye husema limepinda, hata kama ni la mkubwa gani. Sasa alikuwa amesimama mbele ya mgeni anaitwa mwongo, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na mlango wa kutokea.

"Na wewe ulituambia unachunguza tabia," alisema. "Ungesema kweli, ungeambiwa kweli."

"Ningesema kweli, ningeambiwa yale." Akaelekeza kidole mlangoni, kwenye kelele za korido.

"Muulize mtoto mwenyewe," Mama aliingilia. "Tafadhali. Mara moja tu."

Mama wa mkoba alisita, kisha akachukua karatasi, akaikunja, akaikunja tena, akaikata kona. Akaisogeza mbele ya Kwanini. "Nikiifungua?"

Mtoto aliitazama karatasi. Akamtazama mjomba wake.

"Sijui," alisema.

"Mjibu, mwanangu," alisema Mjomba. "Sasa unaruhusiwa."

"Sijui."

Mjomba akachuchumaa mbele yake, akalegeza sauti. "Mpwa wangu mzuri. Si ulisema ulikuwa unajua? Mwambie huyu mama. Hakuna ubaya, nakuahidi."

Mtoto akarudi nyuma hatua. Alikuwa anamtazama mdomoni. "Ulisema wakinibembeleza nijue mtego ndio huo," alisema. "Wewe sasa unanibembeleza."

Mjomba akakaa sakafuni pale pale.

"Nilikosea," alisema. "Nilidhani wanakutafutia kosa. Niliogopa."

"Ulijua lini kwamba umekosea? Kabla hujasikia habari ya darasa, au baadaye?"

"Baadaye."

"Kwa hiyo kama lisingekuwepo darasa, ungekuwa hujakosea?"

"Kengele ingekuwa panya vilevile," Mjomba alisema polepole. "Ningekuwa nimekosea, ila nisingejua. Nilipaswa kukuuliza wewe kwanza. Sikukuuliza."

Mtoto akaligeuza jibu hilo kichwani, na ilionekana wazi kwamba hakulimeza lote. Kisha akamgeukia mwenye mkoba.

"Na wewe, kwa nini ulimdanganya mama yangu?"

"Kwanini!" alisema Mama.

"Mwache," alisema mama wa mkoba. Alikuwa ameiweka kalamu chini. "Niliogopa na mimi. Niliogopa wazazi watajisifu, nisijue mtoto halisi ni yupi."

"Na sasa unajua?"

"Hapana."

"Kwa hiyo yeye alidanganya kwa kuogopa, na wewe ulidanganya kwa kuogopa. Mimi nilisema tu nilichoambiwa niseme. Mbona mimi ndiye ninayepimwa tena?"

Mama wa mkoba alimtazama mtoto, kisha akamtazama Mjomba, na shaka haikuwa imeondoka usoni pake. Ilikuwa imehama tu mahali.

"Haya umefundishwa?" alimuuliza mtoto.

"Na nani? Huyu?"

Mama alilazimika kufunika mdomo kwa mkono.

"Tokeni nje," alisema mama wa mkoba. "Wote wawili. Na mfunge mlango."

Walikaa kwenye benchi la korido katikati ya wazazi wenye watoto watundu. Kutoka ndani walisikia sauti mbili lakini si maneno. Mara sauti ya juu, mara sauti ya chini. Mjomba alihesabu, akaona ile ya juu, ya mtoto, ndiyo iliyokuwa inapanda mwishoni mwa kila sentensi, na ile ya chini ndiyo iliyokuwa inajibu.

"Mbona wanachelewa?" alisema.

"Nyamaza."

"Wale wa chuoni, watawafanyia watoto nini hasa kule? Bila malipo? Nani siku hizi anatoa kitu bila malipo?"

"Nikikusikia tena," Mama alisema, "nitakusuka."

Mlango ukafunguka. Mama wa mkoba alitoka na mtoto mbele yake. Alionekana amechoka kwa namna nyingine, kama mtu aliyepanda ngazi ndefu na kufurahia.

"Mleteni Jumatatu mchana," alisema. "Jina lake nitaliandika mimi. Majibu ya nyumbani nimeyafuta, ya kwanza na ya pili, yote hayafai kitu." Akamgeukia Mjomba. "Na nyumbani asizuiwe kuuliza."

"Hakuzuiliwa," Mjomba alianza, kisha akajisikia anachosema, akameza. "Hatazuiliwa."

"Mimi nilitaka kujua watatufanyia nini huko chuoni," Kwanini alimwambia mjomba wake, bila kuulizwa. "Ameniambia. Lakini nitaangalia mwenyewe."

Njiani Mama alikuwa anatembea kama ameongezewa kimo. Alimshika mtoto mkono mmoja, akamwachia, akamshika tena. Mjomba alibeba begi. Furaha ilikuwa inamchemka kifuani, na alitaka kuifanya iwe kitu cha kushikika.

"Jumatatu nitakupeleka mwenyewe," alisema. "Nitafunga kibanda. Geti la mtu litasubiri."

Siku zote neno kama hilo lilitosha. Angeahidi, na mtoto angeruka. Safari hii Kwanini alizunguka nyuma ya mama yake, akamvuta kitenge, akauliza kwa sauti ambayo hakujali kama inasikika.

"Ni kweli atafunga kibanda?"

Mama alimtazama mdogo wake juu ya kichwa cha mtoto. "Ni kweli," alisema. "Jumatatu atafunga."

Mtoto alimshika mama yake mkono, wakasubiri gari lipite wavuke barabara.

"Basi anipeleke," alisema. "Ila tukifika, akiulizwa chochote, asijibu."